UZI: Vitu vidogo tunavyovipenda kila siku, na imani ndani yake (tupeane ufundi, si ushuhuda)

#1 Kibatari (mleta uzi)

Shalom wapendwa.

Nyuzi za ushuhuda zipo nyingi na ni nzuri. Huu nauomba uwe wa kazi za mikono. Taja kitu kimoja cha kawaida unachokipenda: kikombe cha chai, matembezi ya jioni, wimbo wakati wa kuosha vyombo, mshumaa, Biblia iliyochakaa kwa kusomwa. Halafu eleza kinavyoshikamana na sala, hatua kwa hatua: vipimo, muda, kinachoharibika na sababu yake. "Mungu ni mwema" wote tunajua, kwa hiyo anza na sentensi ya pili.

Naanza na chai, maana ina saa yake ndani. Majani makavu ya chai nyeusi, kijiko kimoja cha chai kilichojaa kiasi kwa kikombe cha mililita 200, yakimiminiwa maji yanayochemka, yanahitaji dakika 3 hadi 5. Hizo ndizo dakika ambazo mkono huenda kwenye simu. Badala yake soma Zaburi ya 23 kwa sauti, bila haraka. Ina mistari 6 na huchukua kama dakika moja. Nyamaza kidogo, isome tena, kisha taja kwa jina watu wawili au watatu utakaokutana nao siku hiyo. Chai iko tayari na hukuongeza hata dakika moja kwenye ratiba.

Makosa mawili. La kwanza, kuchagua zaburi ndefu: chai inakaa dakika kumi, inakuwa chungu kwa sababu majani yameachia tanini nyingi (vitu vikali vya kwenye majani), na kesho yake hutaki tena zaburi wala chai. La pili, kikombe baridi. Kisuuze kwanza kwa maji ya moto na ukifunike kwa kisahani, la sivyo chai itapoa kabla ya amina.

Karibuni.

#2 Kurasa

Bwana asifiwe. Mimi ni mtu wa hesabu za kusoma, niwekee kigoda hapa.

Furaha ya kusoma Biblia huuawa na deni. Mtu anaanza mpango wa mwaka mzima, anakosa siku nne, anajikuta ana sura 13 za kulipa, anafunga kitabu. Dawa ni kutumia mipango inayofuata tarehe na kuachana na ile inayofuata pale ulipoishia.

Mithali ina sura 31, basi tarehe ndiyo sura. Leo ni tarehe 9, soma Mithali 9. Ukikosa tarehe 10, tarehe 11 unasoma 11, na hudaiwi kitu.

Zaburi ni 150, yaani tano kwa siku kwa siku 30. Chukua tarehe, kisha ongeza 30, 30, 30, 30. Tarehe 4 ni Zaburi 4, 34, 64, 94 na 124. Uzuri wake ni kwamba kila siku unapata mchanganyiko: kilio, sifa, hasira, safari. Ukisoma mfululizo unaweza kukaa na maombolezo matatu yaliyopangana.

Agano Jipya lina sura 260. Sura moja kwa siku, siku tano kwa juma, majuma 52: imeisha sawasawa, na siku mbili za kila juma zinabaki wazi kwa kupumzika au kurudia.

Biblia nzima ni sura 1,189. Tatu kila siku ya kawaida na tano siku ya ibada ni 23 kwa juma, unamaliza ndani ya mwaka. Lakini huu una deni ndani yake, simshauri anayeanza.

#3 Tasbihi59

Tumsifu Yesu Kristo.

Kurasa, hesabu hiyo ya 1,189 ni ya Biblia yenye vitabu 66. Yenye vitabu 73 ina sura zaidi, kwa hiyo mpango wa 23 kwa juma hautoshi. Agano Jipya halibadiliki, 260 ni zilezile. Zaburi nazo ni 150 kote, ila katika matoleo yanayofuata hesabu ya Kigiriki, namba nyingi kati ya 10 na 147 zimesogea kwa moja, ndiyo maana wengine "Bwana ndiye mchungaji wangu" wanaikuta kwenye 22. Mkisoma wawili kwa pamoja mkiwa mbali, kubalianeni kwanza kwa maneno ya mwanzo, si kwa namba.

Halafu tarehe 29 umeipigia hesabu?

#4 Kurasa

Milele amina. Umenishika. Tarehe 29 inaangukia 29, 59, 89, 119 na 149. Ya 119 peke yake ina mistari 176, ya 89 ina 52. Jumla siku hiyo ni mistari 265, na hapo ndipo wengi huacha.

Rekebisho: itoe 119 kwenye mzunguko. Imejengwa kwa beti 22 za mistari 8 kila mmoja, kwa kufuata herufi 22 za Kiebrania, kwa hiyo inajigawa yenyewe. Soma ubeti mmoja kwa siku, tarehe 1 hadi 22. Tarehe 29 inabaki na mistari 89 tu. Tarehe 31, inapokuwepo, iwe ya kurudia zaburi uliyoipenda mwezi huo. Februari acha zinazokatika, usizilipe.

#5 Mtaka Hoja

Naomba kuuliza bila ugomvi. Hivi furaha ikishawekewa dakika na mililita bado ni furaha? Mnanifanya nione tunarudi kwenye sheria kwa mlango wa jikoni. Wakolosai 2:16 inasema mtu asituhukumu kwa chakula wala kinywaji wala siku.

#6 Kibatari

Ndugu, hoja yako ina uzito. Kipimo ninachokitumia ni hiki: ukikosa, unajisikia umekosa chai au umekosa wokovu? Ukiona ni la pili, acha mpango huo juma zima. Lakini Danieli alikuwa na dirisha lake na nyakati tatu kwa siku (6:10), na Marko 1:35 inaonyesha Bwana mwenyewe akiondoka alfajiri kabisa kwenda mahali pa faragha. Mazoea hayajawahi kuwa adui. Vipimo vyenyewe vipo ili chai isiwe chungu, havina kazi nyingine.

#7 Uti wa Kitabu

Kazi yangu ni kujalidi vitabu, nitasema juu ya Biblia yenyewe kama kitu, maana wengi wanaipenda na wanaiua kwa mapenzi.

*Mpya.* Usiifungue katikati kwa nguvu, uti utapasuka gundi. Isimamishe mezani kwa mgongo wake, laza jalada la mbele, kisha la nyuma. Sasa laza kurasa kama 20 za mbele na upitishe kidole polepole kwenye bonde la katikati, halafu 20 za nyuma, kwa zamu, hadi ukutane katikati. Ni dakika kumi zinazoongeza miaka.

*Kuandika ndani.* Karatasi ya Biblia ni nyembamba mno. Wino wa jeli na maka peni hupenya hadi upande wa pili, na bolpeni inaacha mitaro. Kinachofaa ni penseli ya HB au 2B iliyochongwa lakini si kali, na penseli za rangi za kawaida kwa kupaka mstari. Weka kadi ngumu chini ya ukurasa unaouandikia. Rangi zisizidi tatu. Ukipaka kila kitu, hujapaka kitu.

*Kupasuka.* Tafadhali, si selotepu. Baada ya miaka michache inakuwa njano, gundi inatoka pembeni na kuunganisha kurasa, kisha plastiki inadondoka ikiacha doa. Tumia utepe wa karatasi wa kutengenezea vitabu, usio na asidi. Ukiukosa, kipande chembamba cha karatasi laini na gundi ya wanga iliyopikwa nzito kitafaa. Paka gundi kidogo sana, weka karatasi ya nta juu na chini ili isishike kurasa jirani, gandamiza kwa vitabu vizito usiku kucha.

*Kulowa.* Hili ndilo linaloletwa zaidi, na tayari limeshaharibiwa na jua. Usianike juani wala kuweka juu ya jiko: jalada litajikunja na kurasa zitakuwa mawimbi. Fanya hivi. Usilazimishe kurasa zilizogandana. Isimamishe wima ikiwa imefunguka kidogo kama feni, mbele ya pangaboi au upepo wa dirisha. Kila kurasa 20 weka karatasi nyeupe inayofyonza maji (tishu nyeupe inafaa, gazeti hapana, wino wake unahama), ibadilishe kila baada ya saa moja au mbili. Ikibaki na unyevunyevu tu, ilaze, weka uzito juu, subiri siku kadhaa. Ramani za mwisho zenye karatasi ya kung'aa zitenganishe mapema kabisa, zikikaukia pamoja hazitengani tena. Kuvu huanza ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo kama huna nafasi ya kushughulika leo, itie kwenye mfuko wa plastiki uiweke kwenye friza. Baridi itasimamisha kila kitu hadi utakapopata muda.

#8 Kurasa

Friza! Mkuu, leo nimejifunza.

#9 Doh ni Nani

Wimbo wa jikoni ndio wangu. Kuimba peke yako asubuhi kuna ufundi wake, wengi wanaacha wakidhani hawana sauti.

Sauti ya asubuhi iko chini, kwa sababu nyuzi za sauti zimevimba kidogo baada ya usingizi. Kunywa maji, guna mdomo ukiwa umefungwa kwa dakika mbili, ndipo uimbe. Kama una kitabu chenye solfa (noti zilizoandikwa kwa herufi: doh, re, mi), pitisha jicho kwenye mstari wa sauti ya kwanza, tafuta noti ya juu kuliko zote, iimbe hiyo kwanza taratibu. Koo likikaza, shusha doh, yaani noti ya msingi, kwa sauti moja au mbili nzima. Kosa la kawaida ni kuanza pale ambapo noti ya kwanza ni tamu, halafu kiitikio kinakunyonga.

Kwa asiyeisoma solfa: kistari kirefu | ni mpaka wa kipimo, nukta mbili : hutenganisha pigo na pigo, nukta moja . hukata pigo nusu, na kistari cha kulala - maana yake endelea kushikilia. Ukijua hayo manne unaweza kusoma nyimbo nyingi za ibada. Mfumo huu ulienezwa na John Curwen huko Uingereza karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya Sarah Glover, kwa lengo hasa la kuwafundisha kuimba watoto wa shule za Jumapili na waumini kanisani.

Sasa starehe yenyewe. Vitabu vingine huandika namba juu ya wimbo, mfano 8.7.8.7. Ni idadi ya silabi kwa kila mstari. Nyimbo mbili zenye namba sawa na mkazo wa aina moja unaweza kuzibadilishana sauti: maneno ya huku, tuni ya kule. Wimbo uliouzoea hadi huusikii tena unarudi kuwa mpya. Jihadhari na kuhesabu: Bwa-na ni mbili, Mu-ngu mbili, lakini m-ko-mbo-zi ni nne, ile "m" ya mwanzo ni silabi kamili na inadai noti yake.

Na hapa ndipo tenzi kadhaa zilizotafsiriwa hukwama mdomoni. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni inayomaliza mstari kwa pigo zito inalazimisha mkazo uangukie silabi ya mwisho, unajikuta unaimba "BwaNA". Mstari wa silabi 8 unaoanza na pigo zito humalizikia pigo jepesi, na hapo neno la Kiswahili linakaa kama mkono kwenye glavu yake. Ukichagua tuni ya kuazima, anzia hapo.

#10 Dada wa Utambi

Wapendwa, mshumaa. Sitaki mabishano ya kimadhehebu, nauongelea kama alama ya kuanza na kumaliza: ukiwaka, simu imelala, ukizimwa, sala imeisha.

Kata utambi ubaki milimita 5 au 6 kila kabla ya kuwasha. Utambi mrefu ndio unaotoa moshi mweusi na mwali unaochezacheza. Mshumaa mnene siku ya kwanza uuache uwake hadi nta yote ya juu iyeyuke mpaka ukingoni, kadiria saa moja kwa kila sentimita 2.5 za upana. Ukiuzima mapema unachimba shimo katikati, na kila siku utachimba hapohapo hadi utambi uzame. Kwa hiyo kwa sala ya dakika kumi nunua mshumaa mwembamba, si mnene. Uweke mbali na upepo na pazia, kwenye sahani isiyoungua, na usiutoke chumbani. Kuuzima, ufunike kwa kikombe cha bati au kifuniko cha chupa ya kioo. Ukipuliza, nta ya moto inaruka na moshi unabaki.

#11 Mtaka Hoja

Haya, huyu dada kanigusa. Alama ya kuanza na kumaliza naielewa.

#12 Tasbihi59

Narudi na jina langu. Rozari ya kawaida ina punje 59: 53 za Salamu Maria na 6 za Baba Yetu. Makumi matano kwa mwendo wa kawaida ni dakika 15 hadi 20, lakini hakuna anayekukataza kumi moja. Kumi moja ni kama dakika tatu na nusu, inatosha foleni au ngazi za kupanda hadi ofisini.

Kinachokosewa ni vidole kukimbia mbele ya mdomo. Shika punje ukianza sala, iachie baada ya neno la mwisho tu. Na taja tendo la kutafakari (tukio la maisha ya Yesu au Maria) kabla ya kila kumi, bila hilo ni kuhesabu.

Ikikatika, mara nyingi ni karibu na medali, pale uzani wote unapovuta. Tumia uzi wa nailoni wa milimita moja, funga fundo mara mbili, acha ncha ya milimita 3, iyeyushe kwa moto wa kiberiti kwa mbali kidogo. Ukiikaribisha mno, fundo lenyewe linayeyuka na utarudi mwanzo.

Kwa wasiotumia rozari: jioni kuna pitio la siku katika njia ya Inyasi wa Loyola. Shukuru, omba mwanga, pitia siku saa kwa saa, omba msamaha, azimia jambo moja la kesho. Dakika kumi, ukiwa umeketi. Ukiwa umelala, hatua ya tatu huifikii.

#13 MguuNjiani

Matembezi. Zaburi 120 hadi 134 ni nyimbo za kupanda, 15 kwa jumla, zilizobeba jina la safari. Fupi zote: ndefu kuliko wenzake ni 132 yenye mistari 18, na 131, 133 na 134 zina mistari mitatu tu. Moja kwa kila tembezi, majuma matatu ukitembea siku tano kwa juma.

Iandike kwenye kadi ya sentimita 10 kwa 15, upande mmoja zaburi, upande wa pili herufi ya kwanza ya kila neno tu. Dakika tano za mwanzo soma upande wa maneno. Dakika kumi tumia upande wa herufi. Kurudi, kadi mfukoni. Taja namba ya zaburi mwanzo na mwisho, maana namba ndiyo hupotea kwanza. Rudia siku ya pili, ya nne, ya saba, ya 14 na ya 30. Kurudia mara ishirini kwa siku moja hukupa uhakika wa bandia, kesho yake kumeyeyuka.

Barabara yenye magari usisome ukitembea. Simama, soma mstari, tembea nao.

#14 Mstari Mmoja

Daftari la shukrani, kwa kifupi. Utafiti wa Robert Emmons na Michael McCullough wa mwaka 2003 uliwapa watu kazi ya kuandika mara moja kwa juma, kwa majuma kumi, mambo hadi matano ya kushukuru. Walijiona wakiwa na hali njema zaidi kuliko walioandika kero. Mara moja kwa juma, si lazima kila usiku.

Linalokufa ni daftari la maneno mapana: "afya, familia, uzima". Juma la tatu unanakili. Andika kitu chenye umbo: mlango uliokuwa ukilia sasa haulii, harufu ya shuka zilizokaukia juani, jirani aliyebeba ndoo bila kuombwa. Anza na kitenzi na mtendaji, "fulani alifanya", ndipo shukrani inapata anuani. Kisha umalizie kwa neno moja kwa Mungu, si sala nzima.

Muundo unaodumu: daftari la A5 lenye mistari 25 hivi, ukurasa mmoja kwa kila tarehe ya mwaka, mistari mitano kwa mwaka. Mwaka wa pili unaandika chini ya mwaka jana, na tarehe ileile inakusomea ulichosahau. Utahitaji kurasa 366, kwa hiyo unganisha madaftari mawili au matatu.

#15 Dada wa Utambi

Mstari Mmoja, ukikosa siku?

#16 Mstari Mmoja

Iache tupu, dada. Nafasi ile ina kazi mwaka unaofuata, unaweza kuweka pale jambo lililozidi mistari mitano.

#17 Kurasa

Uti wa Kitabu, swali dogo kabla sijalala. Utepe wa kuwekea alama umeanza kuchambuka ncha. Naukata?

#18 Uti wa Kitabu

Kata kwa mshazari, si moja kwa moja, kwa mkasi mkali. Kama utepe ni wa nailoni au poliesta, pitisha ncha karibu na mwali kwa sekunde moja. Kama ni wa pamba au hariri usiuguse na moto, paka tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, uache ukauke kabisa nje ya kitabu. Ukiurudisha haujakauka, utagandisha Zaburi na Mithali pamoja.